Panya wa Mpakani

Mimi ni mtu wa hasira, na ninalisema hilo mapema ili msomaji asihangaike kunitafutia sababu nzuri. Mwaka ule hasira zangu zote zilikuwa kwa panya. Nilikuwa nimerudi Kyimo kutoka Mbeya mjini kulima shamba aliloniachia baba: migomba, mistari michache ya chai, na kipande cha viazi mviringo nyuma ya nyumba. Viazi ndivyo vilivyokuwa tegemeo langu. Siku ya kuchimba nilipiga jembe la kwanza, nikainua shina, nikakuta viazi vimebaki maganda matupu, ndani vimekombwa safi. Shina la pili vivyo hivyo. Nilikaa chini kwenye matope nikatukana kwa Kiswahili, na matusi yalipoisha nikaendelea kwa Kinyakyusa.

Waswahili husema panya wengi hawachimbi shimo. Waliosema hivyo hawakuwahi kulima kwetu. Hawa walichimba wengi kwa pamoja, na mashimo yao yalikuwa na mlango wa mbele na wa nyuma. Wala hawakuwa panya wa jikoni. Walikuwa panya buku, wakubwa karibu sawa na paka, wenye mashavu ya kubebea chakula, na udongo wa Rungwe ni mweusi na laini, hauwasumbui hata kidogo.

Nilianza na sumu. Niliinunua sokoni Bulyaga kwa yule muuzaji anayetembea na spika begani, spika inayorudia dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni mpaka mtu ananunua ili apumzishe masikio. Sumu ile ilimuua paka wangu. Nikahamia kwenye mitego ya waya, nikanasa wawili, kisha watatu, halafu wakanijua. Ndipo nilipoacha kukurupuka na kuanza kuangalia. Nilifuata njia zao kwenye majani, asubuhi kabla umande haujakauka, na zote zilielekea upande mmoja. Zilipita chini ya mpaka na kuingia shambani kwa jirani.

Jirani yangu ni mama mjane, mkubwa kwa mama yangu kama angekuwa hai. Anaishi peke yake; watoto wake wametawanyika mijini. Kiswahili chake, kama cha wazee wetu wengi, hakina sauti ya r, na mimi nilipokuwa mdogo nilimwigiza mpaka baba akanichapa. Kati ya shamba lake na letu kuna mstari wa masale, ile mimea inayopandwa mipakani, na hatua nne kutoka kwenye masale hayo, upande wake, chini ya migomba, kuna kaburi la mumewe.

Kwetu tunazika nyumbani, hilo si ajabu. Ajabu ilikuwa mahali penyewe. Wazazi wa yule mzee wamelala nyuma ya nyumba, na nafasi ya kuwafuata ilikuwepo. Lakini yeye na baba yangu waligombania mpaka ule miaka mingi, hata serikali ya kijiji ikachoka nao, na alipofariki wanawe walichimba kaburi pale pale ukingoni. Watu wote msibani walielewa. Nguzo huoza na masale hung'olewa, lakini kaburi halihami. Baba naye alielewa. Alikula ndizi za msiba bila kusema neno, akaenda nyumbani, na mwaka uliofuata akafa na yeye. Kwa hiyo nilipomtazama yule mzee chini ya saruji yake nilimwona kama mtu aliyeweka mguu mlangoni kwetu. Niseme kweli, sikumpenda hata akiwa amekufa.

Saruji yenyewe ilikuwa imepasuka kwa mvua. Upande wa kichwani palikuwa na ufa wa kupitisha ngumi, na upande wa miguuni udongo ulikuwa umetobolewa mashimo mawili yaliyosuguliwa yakang'aa. Pale ndipo panya walipolala.

Mama jirani hakuwa mkaidi. Viazi vyake pia vililiwa. Ni yeye aliyenifundisha kwamba panya hutegwa na mashamba mawili kwa siku moja, kwa sababu ukitega peke yako wanahama tu, wanakwenda kwa jirani kupumzika, hasira zako zikipoa wanarudi. Basi tulitega pamoja, mimi huku yeye kule, tukiulizana juu ya masale nani amepata wangapi. Lakini kuzunguka lile kaburi hakuweka hata mtego mmoja.

"Mama, wanalala pale," nilimwambia.

"Najua wanapolala."

"Basi tuchimbe kidogo tu, upande wa miguuni. Nitafukia mwenyewe vizuri."

"Mwanangu, ile ni nyumba yake. Utamchimbia mtu mlangoni?"

Hakuongea kwa ukali. Kila asubuhi, akishafagia uwanja, alikwenda pale kaburini, akasimama na ufagio mkononi na kumsalimia mumewe, "Ugonile?" Ndiyo salamu yetu ya asubuhi, ya kumuuliza mtu kama amelala. Halafu alinyamaza kidogo, kwa muda ambao mtu anahitaji kuitikia, ndipo akampa habari: ng'ombe amezaa, parachichi zimeanguka na upepo, binti amepiga simu. Nilimsikia kila siku nikiwa jikoni kwangu. Mwanzoni nilicheka peke yangu. Baadaye nilizoea, nikawa namsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Mwezi wa saba panya waliingia kwenye viazi vya msimu wa pili. Nilichanganyikiwa. Nilijiambia kwamba kaburi ni lake lakini mashimo mengine yako kwangu, na mtu hakatazwi kuwasha moto kwenye shamba lake. Nilichukua kopo kubwa la rangi, nikatoboa kitako na kifuniko, nikajaza majani makavu ya mgomba na pilipili kichaa konzi tatu, nikatia makaa. Ndivyo babu zetu walivyowatoa fuko, ila wao walitumia chungu na kupuliza kwa mdomo. Mimi nilikuwa na pampu ya baiskeli. Unaziba mashimo mengine kwa udongo, unabakiza lile unalosukumia moshi, na panya anatoka au anafia ndani.

Nilingoja siku ya mama jirani ya kliniki ya presha Tukuyu. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali, ukungu umeshuka mpaka chini, migomba ya karibu naiona, ya mbali siioni. Nilidhani ameshaondoka. Nilipiga magoti nyuma ya masale, nikabana kopo kwenye shimo, nikaanza kusukuma pampu. Nilisukuma kwa chuki kabisa. Nilisukuma huku nikisema moyoni, toka, toka kwetu, na sasa sina hakika nilikuwa nawaambia panya peke yao.

Ndipo niliposikia ufagio ukianguka.

Nilichungulia. Mama jirani alikuwa amesimama mbele ya kaburi, hajakwenda kliniki. Kwenye ule ufa wa kichwani moshi ulikuwa unatoka. Ulitoka polepole, mweupe, ukapanda hadi kwenye majani ya migomba na kuchanganyika na ukungu. Yeye alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili. Kisha akaniita kwa jina la baba yangu, kama wanavyoita wazee, mtoto wa fulani, njoo uone.

Nilificha kopo kwenye majani, nikafuta mikono kwenye kanga, nikazunguka masale nikaenda.

"Amewasha moto," alisema.

Nilitazama ule ufa pamoja naye.

"Unaona? Amewasha moto mwenyewe."

Alikaa chini kwenye umande, nami nikakaa karibu yake kwa sababu sikujua la kufanya, na akanisimulia jambo ambalo alisema hajawaambia hata watoto wake. "Jioni ile alisema anasikia balidi," alisema. "Akasema mke wangu, washa moto. Mimi nimetoka kuchuma chai tangu asubuhi, nimelowa, miguu inauma, na yeye ameshinda pombeni. Nikamwambia, washa mwenyewe. Nikaingia kulala. Asubuhi nikamkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, kuni ziko mapajani, kibiliti kiko mkononi. Amekwisha poa."

Moshi ulikuwa unapungua. Yeye alivuta pumzi, akasema, "Unanuka pilipili. Yule baba alipenda pilipili kuliko nyama."

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Lilikuwa fupi: Mama, ni mimi. Sikulisema. Niliwaogopa wanawe, waliomweka baba yao pale kama kigingi. Wangesema mtoto wa adui anamfukiza maiti atoke ili achukue ardhi. Nilikiogopa kijiji. Wazee wetu waliamini kwamba majirani wakimnung'unikia mtu, manung'uniko yao humwingia kama upepo wa baridi na kumlaza kitandani, na mimi niliyesoma, niliyeishi mjini, nilikuwa nimekaa pale mgongo unanisisimka. Nilimshika mkono nikamwinua, nikampeleka ndani, nikamchemshia chai. Kliniki hakwenda.

Kesho yake alfajiri nilisikia kuni zikivunjwa. Nilitoka nikamkuta amewasha moto upande wa kichwani, karibu na ule ufa, amekaa kwenye kigoda, amejifunika vitenge viwili. Kesho kutwa tena. Aliwasha kila asubuhi, hata kwa manyunyu, akiegemeza bati kwa juu, na moshi wa kuni mbichi ukiingia kwenye ufa na kutokea kwenye mashimo ya miguuni. Panya waliondoka. Katika wiki mbili hapakuwa na njia hata moja iliyokanyagwa kwenye majani, na viazi vyangu vilikua vikubwa, vizima, vya kupendeza. Nilivichimba kwa aibu.

Yeye alikonda. Kifua kilimbana, akawa anakohoa mpaka anashika mgomba. Nilimpeleka hospitali, wakampa dawa, wakamwambia aepuke baridi na moshi, naye akaitikia ndiyo daktari, na alfajiri yake akawa kaburini. Nilianza kumpasulia kuni. Kwa nje ilikuwa ni wema, na watu kanisani walinisifu kwamba ugomvi wa wazee umekwisha, mtoto ana moyo. Kila sifa ilinichoma. Nilikuwa napasua kuni za uongo wangu, nazipanga vizuri ukutani kwake, naye ananishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu," mara mbili mbili.

Usingizi ulinipotea. Nikifumba macho nauona ule moshi, na kilichonitisha ni kwamba katika kumbukumbu yangu pampu haipo. Nauona moshi unatoka peke yake.

Halafu mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza, nilimkuta asubuhi amekaa barazani kwake anamenya ndizi, na kaburini hakuna moto. Uso wake ulikuwa umetulia. Alinichekea kabla sijamwamkia.

"Nimemwona," alisema. "Usiku nimemwona, amekaa jikoni, amevua koti. Nikamwuliza, vipi? Akasema kuna joto humu, fungua mlango."

"Amevua koti," nilisema.

"Amelitundika kabisa."

Kuanzia siku ile aliwasha moto kidogo tu, wa heshima, mara moja kwa wiki. Alinenepa. Kikohozi kikaisha. Alirudi kumpa mumewe habari za ng'ombe na parachichi, kwa sauti nyepesi, na wakati mwingine nilimsikia anamtania. Jambo lilikuwa limekwisha. Mtu mwenye akili angeliacha hapo.

Mimi sikuliacha. Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya kusema kweli, na mimi, kwa hasira zangu zile zile, nikaona mahubiri yote nimepigiwa mimi. Nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja kwa mama jirani. Alikuwa amepika mbalaga, zile ndizi zetu za kupondwa, akanipakulia. Sikula. Nilimweleza yote, kopo la rangi, pampu, konzi tatu za pilipili. Nilimwambia kwamba nalia kwa sababu namheshimu. Kweli ni kwamba nililia kwa sababu nilikuwa natua mzigo, na nilihisi wepesi mabegani hata kabla sijamaliza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo ilikuwa ile pilipili yako," alisema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Alitazama mlangoni. "Kwa hiyo hakuota moto wowote yule mzee. Alikaa hivyo hivyo."

Nilisema nini? Nilisema maneno ya kanisani, kwamba yuko mahali pema, hasikii baridi. Aliitikia kwa adabu. Alinifungia ndizi kwenye jani niende nazo nyumbani.

Hakunikasirikia hata siku moja, na ningeshukuru kama angenikasirikia. Aliendelea kuniitikia malahaba yake juu ya masale. Ila asubuhi alifagia uwanja hadi kwenye migomba ya kwanza, akageuka. Kaburini hakwenda tena. Nilisimama jikoni kwangu nikisikiliza, nikasikia ufagio, kisha mlango wake ukifungwa. Majani ya migomba yalianguka juu ya saruji, na hakuna aliyeyaokota. Nilitamani kwenda kuyaokota mimi, lakini ningevuka masale kwa haki gani?

Panya walirudi kabla ya masika. Kaburi lilikuwa limepoa, nyumba iko wazi. Walianza kwake, wakala viazi, wakachimbua mbegu za mahindi, wakaguguna hata mashina ya migomba michanga. Kwangu waligusa kidogo tu. Ilikuwa kama wamejua pa kwenda, na nililiona jambo hilo nikanyamaza.

Asubuhi moja alikuja mlangoni kwangu, yeye mwenyewe, jembe begani.

"Njoo tuchimbe," alisema.

"Wapi, mama?"

"Pale pale. Hakuna mtu pale."

Ningeweza kukataa. Nilimfuata kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumwacha aende peke yake. Alisimama upande wa miguuni akaninyooshea shimo, nami nikachimba kama alivyotaka, taratibu, nikifuata njia ya panya kwa mkono. Njia iliingia chini ya saruji, ikashuka, ikapanuka. Mkono wangu ulipozama mpaka begani ndipo nilipogusa kitu laini. Panya wawili wakubwa walitoka kwa mlango wa pili wakakimbilia kwenye chai. Tulikuwa na fimbo, lakini hakuna aliyeinyanyua.

Nilivuta kiota chote kikatoka kwa pamoja. Kulikuwa na maganda ya mahindi, majani makavu, kipande cha mfuko wa mbolea. Na katikati, palipolaliwa, kulikuwa na nyuzi za sufu, nyingi, za rangi ya zambarau iliyofifia, zimechambuliwa na kusokotwa vizuri.

Mama jirani alichuchumaa. Alichukua zile nyuzi, akazinyoosha kwenye kiganja, akazigeuza. Nilimwona anahesabu kitu kisicho na hesabu.

"Hili nilimfunika mimi," alisema. "Kabla hawajapiga misumali. Blanketi langu la ndoa. Nilisema nilimnyima moto, nisimnyime na hili."

Nilitaka kusema kwamba panya huchukua kitambaa chochote, popote, kwamba majeneza huoza, kwamba mzee hajui. Yote hayo ni kweli. Niliuma ulimi. Nilikuwa nimeshamwambia kweli mara moja.

"Wamemvuta blanketi," alisema polepole, "usiku na mchana, miaka yote hii. Alikuwa anasikia balidi kweli, mwanangu. Wewe umekuja na pilipili yako, hujui hata nani amekutuma."

Alinitazama. Usoni mwake hapakuwa na lawama, wala hapakuwa na ile amani ya siku alipomwota amevua koti. Palikuwa na haraka tu, ile ya mtu aliyekumbuka mgonjwa chumbani. Alianza kuzirudisha zile nyuzi shimoni, moja moja, akizisukuma kwa vidole mbali kadiri mkono wake mfupi ulivyofika, na alipoona hazifiki akanipa mimi nisukume. Nilisukuma. Nililaza shavu kwenye saruji ya yule mzee nikasukuma mpaka bega likauma, na chini kule, nisikilizeni vizuri maana sitasema tena, palikuwa na baridi kuliko udongo wowote niliowahi kuushika.

"Nenda kalete moto," mama aliniambia.

Nilikimbilia jikoni kwangu, nikachota makaa kwenye koleo, nikarudi mbio nikiyapulizia njiani yasizimike.